Nani njo alisema? Shajara ya somo letu la kutafuta na kupima habari

Shajara hii ni kwa ajili ya wenzangu wa maktaba za vyuo, hasa wale wenye chumba kimoja, kompyuta nne na umeme wa kubahatisha. Mimi ni mtunza maktaba katika chuo kidogo hapa Lubumbashi. Mwaka huu nilipewa kazi ya kuhamishia mtandaoni lile somo la kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza namna ya kutafuta habari na kuipima. Ni promosheni mbili, yaani madarasa mawili ya mwaka huo, wanafunzi 143. Hatua iliyokwenda vizuri nitaipita kwa mstari mmoja. Penye makosa nitakaa, maana hapo ndipo mwenzangu ataokoa pesa yake.

11 Novemba 2024: Kabla karatasi hazijaenda kufungia karanga

Hadi mwaka jana somo lilikuwa la saa moja: hizi ndizo rafu, hili ndilo daftari la kuazima, tovuti ziko ubaoni, kwaherini. Zamani ilitosha, kwa kuwa mwanafunzi aliishi kwa silabusi, yaani maelezo ya somo yaliyochapwa ya mwalimu. Tangu mfumo wa shahada wa LMD (licence, master, doctorat) uingie anapewa kazi nyingi za kufanya mwenyewe, tunaziita TP, na hizo TP anazifanyia kwenye simu, usiku, akiwa kwao Katuba au Ruashi, si kwenye meza zangu.

Kabla ya kutengeneza chochote nilitaka kuuona ugonjwa wenyewe. Sekretaria kulikuwa na maboksi ya TP za mwaka jana yanayongoja kwenda kwa mama mmoja muuza karanga. Nikachukua 40, nikasoma ukurasa wa mwisho tu wa kila moja. "www.google.com" imeandikwa kana kwamba ni kitabu. "Intaneti, saa 14:20." "Wikipedia", bila jina la makala. Iliyonikalisha chini ni ile iliyopangwa vizuri kuliko zote: majina ya waandishi, miaka, anwani, na kando ya kila anwani, kwa Kifaransa, "ilisomwa tarehe 3 Machi 2011". Mwenye TP hiyo mwaka 2011 alikuwa bado anajifunza kushika kalamu. Alinakili orodha nzima ya mtu mwingine, pamoja na siku ambayo mtu huyo alisoma.

Katika zote 40, ambazo vyanzo vyake vyote niliweza kuvifikia zilikuwa 9. Namba hiyo nimeiandika ukutani, tutarudi kwake. Gharama hadi leo ni sifuri, ukiacha fidia niliyompa yule mama, naye akanilipa kwa karanga.

2 Desemba 2024: Video tatu na nywila hadharani

Nilirekodi video tatu kwa Kifaransa, kila moja dakika 18, na mikrofoni ya dola 15. Nilirekodi usiku, na nyakati mbili ilibidi nianze upya kwa sababu mvua iligonga mabati mpaka sauti yangu ikapotea. Nikaziweka YouTube, nikatuma anwani kwa CP, yaani kiongozi wa wanafunzi, wa kila promosheni.

Baada ya posho mbili (posho ndivyo tunavyoiita juma huku, tangu enzi za mgao wa chakula migodini) nikafungua takwimu. Video ya kwanza imefunguliwa mara 31. Wastani wa muda waliokaa nayo haufiki dakika mbili, yaani bado nilikuwa nasalimia. Nikamwita CP mmoja. Hakuzunguka: "Mama, video moja inakula mega ya posho muzima." Nilipima faili na nikaona ni mega 160. Mimi niliitengeneza kwenye Wi-Fi ya ofisi na sikuwahi kuhesabu mfuko wa mtu mwingine.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Katika video ya pili nilionyesha jinsi ya kuingia Research4Life. Kwa asiyeijua, ni mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kisayansi bure au kwa bei ndogo: Hinari ya afya iliyoanza 2002, AGORA ya kilimo ya 2003, OARE ya mazingira ya 2006, ARDI ya teknolojia ya 2009 na GOALI ya sheria ya 2018. Kongo yetu iko kundi A, lile lisilolipa kitu. Chuo kikishajiandikisha kinapewa jina na nywila yake, na ni kwa ajili ya watu wake tu. Mimi nikaandika jina na nywila, polepole, ili waone vizuri, na skrini ikavionyesha vyote viwili. Nilijua baada ya mwenzangu wa chuo kingine kunipigia simu akicheka, akinishukuru kwa ukarimu.

Video nikaifuta siku hiyo hiyo. Nikaandika barua ya kukiri na kuomba nywila mpya. Sasa nywila iko kwenye karatasi ndani ya droo yangu, na anayeitaka anakuja na kadi ya mwanafunzi. Ukirekodi skrini, itazame video yako mara moja bila sauti kabla ya kuituma, maana sauti yako mwenyewe inakufumba macho.

Na jina la somo. Niliita "Ujuzi wa Habari". Nusu ya wanafunzi walidhani ni somo la wanahabari, wakalipita.

20 Januari 2025: Kumi na saba juu ya ishirini

Nikaacha video, nikatengeneza fomu ya maswali ya kuchagua, nyepesi, inayofunguka kwenye simu yoyote. Maswali niliyajenga juu ya kipimo maarufu cha CRAAP, kilichotungwa na Sarah Blakeslee wa chuo kikuu cha California State, Chico, mwaka 2004. Kinauliza mambo matano: habari ni ya lini, inahusu unachotafuta, nani ameandika, ni sahihi, imeandikwa kwa nia gani.

Wastani ulikuwa 17 juu ya 20. Siku mbili nilitembea kifua mbele. Siku ya tatu mwalimu wa mazingira akanipa TP mpya nisome, na ukurasa wa mwisho ulikuwa ule ule: google, google, saa 14:20.

Sababu ya kwanza ilikuwa rahisi kuigundua. Majibu yalikuwa yanazunguka kwenye kundi la WhatsApp la promosheni tangu dakika ya ishirini, picha za skrini zenye duara jekundu juu ya herufi sahihi. Sikukasirika. Nikiwa na umri wao ningefanya vilevile.

Sababu ya pili ilinichukua muda. Niliwaita wanafunzi sita, nikawapa tovuti moja inayouza dawa ya majani inayoponya kila kitu kuanzia malaria hadi ugumba, nikawaambia waipime mbele yangu. Ina tarehe? Ndiyo, ya juzi. Ina mwandishi? Ndiyo, daktari, na picha yake amevaa koti jeupe. Anwani yake inaishia na .org. Kifaransa kimenyooka. Wote sita waliipa tano juu ya tano. Hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye ukurasa huo kuuliza huyo daktari ni nani nje ya ukurasa wake mwenyewe. Nilikuwa nimewafundisha kumuuliza mwizi kama yeye ni mwizi. Na .org, kwa taarifa ya kila mtu, inanunuliwa na yeyote mwenye pesa.

Jioni ile nilirudi kwenye utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford, wa mwaka 2017. Walichukua watu 45: wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa Stanford, wakawapa tovuti za kupima. Wanahistoria, wasomi wenye shahada za uzamivu, walidanganywa na nembo nzuri sawa na wanafunzi. Wahakiki ndio waliofaulu, na haraka. Walipofika kwenye tovuti wasiyoijua hawakuisoma. Waliiacha, wakafungua kurasa nyingine kando kuuliza wengine wanasema nini juu yake, kisha ndipo wakarudi. Watafiti hao wanaiita kusoma kwa pembeni.

Nikafuta maswali yote. Somo likapewa jina jipya, na kwa Kiswahili chetu cha hapa: Nani njo alisema? Yaani, nani ndiye aliyesema?

10 Februari 2025: Kipindi ambacho hatukukipanga

Tangu mwisho wa Januari, vita ilipoingia Goma, simu za wanafunzi zilijaa picha na video. Hakuna aliyetaka kusikia habari za bibliografia. Nikaweka mpango kando, nikachukua hatua nne za Mike Caulfield, zile alizozipanga mwaka 2019 kwa jina la SIFT, nikazisema kwa maneno yetu: simama, mchunguze aliyesema, tafuta wengine wanasemaje, fuata nyuma hadi ilikoanzia.

Msichana mmoja, ambaye mama yake mkubwa anaishi Goma, aliniletea picha ya nyumba zinazoungua. Aliipokea kwenye makundi matatu, kila kundi na mtaa wake. Tulikaa naye kwenye kompyuta iliyokuwa na umeme, tukaiingiza kwenye utafutaji wa picha. Ikatokea kwenye kurasa za miaka ya nyuma, za nchi nyingine, moto mwingine kabisa. Wenzake waliokuwa wamesimama nyuma yetu wakapiga makofi, kana kwamba tumefunga goli. Yeye hakupiga. Aliniuliza, "Sasa mama mukubwa iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Kujua kwamba picha ni ya zamani hakukumwambia lolote juu ya mtu wake. Nimeandika hili kwa sababu mwongozo wowote niliousoma unaishia kwenye makofi. Tangu siku ile, tukifanya zoezi la picha, tunamalizia kwa swali la pili: kama hii si kweli, nani anayeweza kujua ukweli, na unamfikiaje? Kwake ilikuwa jirani wa zamani mwenye namba ya simu. Alimpata siku ya tatu, na mama mkubwa alikuwa mzima.

3 Machi 2025: Dakika mbili za sauti

Umbo jipya la somo ni ujumbe wa sauti wa dakika mbili kwenye kundi la promosheni, picha moja, na kazi moja ya kufanya. Jumanne na Ijumaa, majuma sita. Dakika mbili za sauti hazifiki nusu mega, ukilinganisha na zile 160.

Sauti ya kwanza niliisoma kwa Kiswahili sanifu, kile cha vitabuni. Wakacheka: "Mama iko nasoma habari ya redio!" Ya pili nikaisema kama ninavyosema nikiwa sokoni Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nanunua sombe (majani ya mihogo): "Mbele ya kuamini, uliza: nani njo alisema? Toka kwa ile ukurasa. Andika jina ya ule mutu pa Google, ona benzake banasema nini juu yake." Siku hiyo majibu yalianza kuingia kabla sijaweka simu chini. "Chanzo" nililiacha katika sauti, kwa sababu wengi walilisikia kama mwanzo wa jambo. Tunasema tu "kwenye ilitokea". Kwenye maandishi ya chuo, Kifaransa kinabaki Kifaransa.

Lakini sauti peke yake isingetosha. Kilichobadilisha mchezo ni alama. Nilikwenda mara tatu ofisini kwa Papa CT (chef de travaux, cheo cha mwalimu wa chuo), yule mwalimu wa mazingira. Mara ya kwanza hakuwepo, mara ya pili alisema maktaba isimfundishe kusahihisha. Mara ya tatu nilimpelekea ile TP ya Machi 2011. Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena. Aliyeisahihisha alikuwa yeye, na alikuwa ameipa 14. Tukakubaliana: alama 5 kati ya 20 za kila TP zitatokana na fishi ya vyanzo. Kila chanzo kina fishi yake yenye mistari mitatu, yaani nani alisema, nimemhakiki wapi nje ya ukurasa wake, na kwa nini yeye yuko mahali pa kulijua jambo hili. Picha ya skrini ya ukurasa wa kwanza inaambatishwa.

Kwa kuwa kila mmoja ana vyanzo vyake, duara jekundu halina tena kazi.

24 Machi 2025: Shinkolobwe

Zoezi hili ndilo ninalolipenda, na mwenzangu wa Katanga anaweza kulichukua kama lilivyo. Kuna maneno yanayozunguka kwenye simu kila mwaka: mabomu yote mawili yaliyoangushwa Japani yalikuwa ya urani ya mgodi wetu wa Shinkolobwe, na ya Shinkolobwe peke yake. Kwa mtu wa huku ni jambo la fahari na uchungu kwa pamoja, na ndiyo maana linafaa, kwa sababu mtu haulizi maswali juu ya jambo analotaka liwe kweli.

Kazi: chukua sentensi hiyo, ivunje vipande, kila kipande ukitafutie nani alisema.

Vipande vilivyosimama vilikuwa vingi. Mgodi upo, karibu na Likasi, na madini yake yaligunduliwa mwaka 1915. Ulikuwa wa Union Minière du Haut-Katanga. Mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, zikawekwa Staten Island, kabla Wamarekani hawajajua watazifanyia nini. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu ilitoka kwetu.

Vilivyoanguka ni viwili. "Peke yake" si kweli, maana urani nyingine ilitoka Kanada na nyingine Marekani kwenyewe. Na bomu la Hiroshima, la tarehe 6 Agosti 1945, ndilo lililokuwa la urani. La Nagasaki, siku tatu baadaye, lilikuwa la plutoni. Kikundi kimoja kilifika hapo kikasherehekea, kisha mmoja wao, kijana asiyesema sana, akaendelea kutafuta na kurudi na habari kwamba plutoni hiyo yenyewe ilitengenezwa kutokana na urani ndani ya tanuri za nyuklia. Kwa hiyo sentensi ya mwanzo ni mbaya, na aliyeikosoa haraka naye hajamaliza. Ubishi uliendelea mpaka mlinzi akaja kufunga mlango.

Jambo moja sikulitarajia. Mwanafunzi mmoja alijaza fishi hivi: nani alisema, babu yangu, yuko mahali pa kulijua, alipakia magunia Shinkolobwe. Akaandika umri wa babu na siku waliyoongea. Papa CT alitaka kuikata, eti mzee si maandishi. Tulibishana, kwa heshima lakini tulibishana. Mwishoni tuliigawa: juu ya kazi ya mgodini, magunia, barabara, magonjwa ya waliofanya kazi kule, babu ni chanzo kuliko tovuti yoyote. Juu ya kilichotokea Japani, babu naye alisikia kwa watu. Fishi ikabaki, na mstari wa tatu ukaongezwa maneno: "kulijua jambo lipi hasa".

14 Aprili 2025: Kisanduku

Ili wasio na mega wafanye mazoezi chuoni, tuliunda kisanduku: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye programu ya Kiwix na nakala ya Wikipedia, inayorusha Wi-Fi yake yenyewe bila intaneti. Kuunda ni kazi ya siku moja, maelekezo yapo kila mahali. Sisi ilituchukua majuma matatu, kwa sababu zifuatazo.

Wikipedia ya Kifaransa yenye picha inazidi giga 30. Tulipakua ofisini kwa rafiki wa fundi wetu, ikakatika karibu na mwisho, ikaanza upya, ikakatika tena. Chukua faili ya torenti, inaendelea ilipoishia, na ukimaliza linganisha namba ya uhakiki waliyoiweka kando ya faili. Kisha tukainakili kwenye flashi kuipeleka chuoni. Flashi ilikuwa na nafasi ya giga 64, lakini ikakataa kila mara na kusema faili ni kubwa mno. Tulinunua nyingine, ikakataa pia. Fundi ndiye aliyekumbuka usingizini (anaapa ni usingizini) kwamba flashi za FAT32 hazibebi faili moja inayozidi giga 4, hata ziwe tupu. Ifomati exFAT kwanza. Flashi ya pili ilikuwa pesa ya bure, na niliitoa mfukoni mwangu.

Halafu kisanduku kikawa kinajizima na kujiwasha. Tulikilaumu kisanduku, tukalaumu joto, tukamlaumu aliyetuuzia. Ilikuwa chaja ya simu tuliyokichomekea, haikuwa na nguvu. Kinataka volti 5 na ampea 3, tulinunua ya kwake kwa dola 12.

Siku ya kwanza darasani simu kumi ziliingia, ya kumi na moja ikaanza kugoma. Wi-Fi ya ndani ya kisanduku haikubeba darasa letu. Tuliunganisha ruta ya zamani iliyokuwa inakusanya vumbi, sasa ndiyo inayorusha.

La mwisho lilinichosha kuliko yote. Simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti zinarudi kimya kimya kwenye mega za mwenyewe. Mwanafunzi anadhani yuko kwenye kisanduku, kumbe anamaliza mega za nauli. Sasa sentensi ya kwanza ya kila kipindi ni "zimeni data", na mimi napita kati ya viti kuangalia kama mama anayekagua kucha.

19 Mei 2025: Makala zisizokuwepo

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 nilijua siku hii itafika, lakini nilidhani nitaitambua kwa macho. Sikuitambua. Mwanafunzi aliniletea marejeo juu ya uchafuzi wa mito ya migodi: jarida la kweli, toleo la kweli, mwandishi wa kweli, kurasa 45 hadi 61. Aliomba nimsaidie kupata makala. Nikafungua yaliyomo ya toleo hilo. Kurasa 45 hadi 61 zilikuwa ndani ya makala ya mtu mwingine juu ya mihogo. Namba yake ya DOI, ile ya kuitambulisha makala mtandaoni, inayoanza na 10, tukaiandika baada ya doi.org/, jibu likawa haipo. Mwandishi yupo, anafundisha, hajawahi kuandika kichwa hicho.

Kijana alikaa kimya, kisha akasema kwa masikitiko ya kweli, "Lakini Mama, ilinijibu muzuri, na heshima."

Nikatuma sauti mpya: marejeo uliyopewa na mashine ni fununu tu mpaka ushike ukurasa wa kwanza wa makala yenyewe. Hapo nilikuwa sahihi. Kosa ni nilivyoongeza, kwa haraka na hasira, kwamba kisicho na DOI hakipo. Siku nne baadaye msichana mmoja mwenye bidii alikuja kulalamika kwamba ametupa chanzo chake bora kwa sababu hakina namba hiyo. Kilikuwa chapisho la UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, la miaka ya 1970, enzi ambazo Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilikuwa tawi lake. DOI zilianza kutolewa mwaka 2000. Na chapisho hilo lilikuwa kwenye rafu yangu, hatua nne kutoka mahali alipokuwa amesimama akinilalamikia. Tulilitoa pamoja, tukapuliza vumbi, akapiga picha ukurasa wa kwanza.

Sauti ya kusahihisha niliituma usiku huo huo, nikianza na "Miye njo nilikosea". Ndiyo iliyojibiwa kuliko zote.

7 Julai 2025: Hesabu

Nimechukua tena TP 40, za mwaka huu, nikasoma ukurasa wa mwisho. Zenye vyanzo vyote vinavyofikika ni 26. Usizisome namba hizo bila kukumbuka zile alama 5. Bila Papa CT sijui kama wangefika 15. Kati ya 14 zilizobaki, nyingi ni za wanafunzi ambao hawamo kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu simu zao ni za kubonyeza. Kwao sijafanya chochote mwaka mzima. Novemba tutajaribu karatasi, na kipindi kimoja cha mezani kila Jumatano.

Pesa: mikrofoni dola 15, Raspberry 85, kadi ya giga 128 dola 18, chaja 12, mega za kutuma sauti na kutafuta 30 kwa miezi mitano, uchapaji wa fishi 8. Jumla 168. Chuo kilitoa 100, nyingine zilitoka kwangu na kwa fundi, na flashi ya pili haimo kwenye hesabu kwa sababu nimekataa kuikumbuka.

Sauti zote kumi na mbili, mfano wa fishi na nakala kamili ya kadi ya kisanduku vipo maktabani. Vyuo viwili vimeshanakili. Anayevitaka aje asubuhi, kabla umeme haujakatika, na flashi yake mkononi. Ila aifomati exFAT kwanza.